Nani Aliishi Namba 14? Jinsi ya Kuwatafuta Wakazi wa Zamani wa Mtaa wa Ayalandi

Wengi wanaotafuta wakazi wa zamani wa mtaa fulani wa Ayalandi huanza na jina la ukoo. Wanaandika Murphy au Kelly kwenye kompyuta, majina yanamwagika kwa maelfu, na hadi jioni wamechoka bila kumpata waliyemkusudia. Mtaa hautafutwi hivyo. Mtu huhama, huolewa, huandikwa jina lake kwa tahajia tatu tofauti, na hata umri wake huweza kuruka. Nyumba hubaki ilipojengwa. Kwa hiyo anza na mlango, umjue aliyeishi nyuma yake, ndipo umfuate huyo mtu alikokwenda. Ushauri huu unakufaa ikiwa umepanga chumba Dublin na unataka kujua waliolala humo kabla yako. Unakufaa pia ikiwa unamtafutia asili sista au padri wa Kiayalandi aliyefundisha kwenu, kwa sababu naye alitoka kwenye nyumba fulani, ya mtaa fulani, yenye namba.

Nitatembea nawe kwa mfano mmoja, Mtaa wa Henrietta, upande wa kaskazini wa mto Liffey jijini Dublin. Ni mtaa mfupi sana. Luke Gardiner, tajiri aliyejenga sehemu kubwa ya Dublin ya wakati wake, aliuanzisha katika miaka ya 1720 kwa ajili ya wakubwa wa nchi. Nyumba namba 14 ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1740, na miongoni mwa wakazi wake wa kwanza ni Bwana Richard Molesworth, mkuu wa jeshi, pamoja na mkewe. Sheria ya Muungano ilipoanza kazi tarehe 1 Januari 1801, Bunge la Dublin lilikoma, wakubwa wengi wakahamia London, na majumba yao yakaanza kukosa wenyewe. Baada ya ile njaa kuu ya viazi ya miaka ya 1840, namba 14 ikawa mahakama ya kuuza mashamba yaliyozama katika madeni. Kufikia 1877 mmiliki aliyeitwa Thomas Vance alikuwa ameing'oa ngazi kuu na kuikatakata nyumba hiyo ili apangishe vyumba. Sensa ya 1911 ikakuta humo watu wapatao 100. Familia za mwisho zilitoka katika miaka ya 1970, na tangu 2018 nyumba hiyo ni makumbusho.

Aliyewahi kuishi katika nyumba ya vyumba, ya bomba moja uani na choo kimoja kwa wote, kila mlango na kaya yake, hahitaji kuelezwa sana namba 14 ya mwaka 1911 ilikuwaje. Na hapo ndipo penye jambo ambalo mtafiti mgeni hulikosa: mwenye nyumba na mpangaji hawaandikwi katika daftari moja. Mwenye nyumba yumo kwenye hati, kwenye kodi ya majengo, kwenye vitabu vya anwani. Mpangaji yumo kwenye sensa, kwenye vizazi na vifo, kwenye rejesta ya ubatizo na kwenye kitabu cha makaburi. Ukimtafuta mpangaji katika daftari la mwenye nyumba utahitimisha kwamba hakuwahi kuwapo, na utakuwa umemdhulumu.

Anza na 1911

Sensa mbili za zamani za Ayalandi zimebaki nzima, ya usiku wa 31 Machi 1901 na ya usiku wa 2 Aprili 1911. Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Ayalandi imeziweka zote mbili kwenye intaneti, na kuzisoma ni bure. Usiandike jina la mtu. Chagua kaunti, kisha kata, kisha mtaa, na orodha ya nyumba itajifungua. Mtaa wa Henrietta uko katika kata ya Inns Quay. Mitaa mirefu mara nyingine hukatwa kati ya kata mbili, upande mmoja huku na mwingine kule, kwa hiyo ukiona nusu ya namba hazimo, tafuta kata ya jirani kabla ya kukata tamaa.

Karani wa sensa alikuwa polisi. Aligawa fomu nyumba kwa nyumba, na kila mkuu wa kaya alijaza yake na kutia sahihi. Asiyejua kuandika aliweka alama, na polisi akamjazia. Fomu hiyo, Fomu A, ina majina ya wote waliolala humo usiku ule, uhusiano wao na mkuu wa kaya, dini, kama walijua kusoma na kuandika, umri, kazi, ndoa, kaunti au nchi waliyozaliwa, na kama walizungumza Kiayalandi. Kwa kuwa kila familia ilikuwa na fomu yake, nyumba moja ya vyumba ina fomu nyingi. Katika orodha utaziona zimeandikwa 14.1, 14.2, 14.3 na kuendelea. Anayefungua ya kwanza na kuridhika amekutana na familia moja tu.

Kwangu mimi, hata hivyo, karatasi iliyo bora kuliko zote ni Fomu B1, ambayo wengi huiruka kwa sababu haina majina ya watoto wala umri wa mtu. Hiyo ndiyo ramani ya nyumba. Karani aliandika kuta ni za nini na paa ni la nini, akahesabu madirisha ya mbele, akaipa nyumba daraja. Kisha, mstari kwa mstari, akaandika kila mkuu wa kaya, idadi ya watu wake na idadi ya vyumba walivyokalia. Hapo ndipo unapoona kwa macho yako kaya ya watu wanane iliyokuwa na chumba kimoja, katika jumba lililojengwa kwa ajili ya bwana mmoja na watumishi wake. Jumlisha safu ya watu kwa nyumba zote za Mtaa wa Henrietta na utavuka 800, katika mtaa wenye nyumba zinazohesabika kwa dakika moja.

Ziko tahadhari tatu kuhusu sensa hii. Ya kwanza ni namba. Ndani ya Dublin namba ya fomu kwa kawaida ndiyo namba ya mlangoni, lakini katika miji midogo na vijijini namba ya B1 ni mfuatano wa karani tu: nyumba ya kwanza aliyoingia, ya pili, ya tatu. Usiichukue kuwa anwani. Ya pili ni uchapaji. Waliozinakili fomu hizi walisoma mwandiko wa watu maelfu, na makosa hayakosi, kwa hiyo fungua picha ya fomu yenyewe usome kwa jicho lako. Ya tatu ni umri. Mtu wa miaka 56 katika 1901 anaweza kuwa na miaka 71 katika 1911. Pensheni ya wazee ilianza kulipwa Januari 1909 kwa waliotimiza miaka 70, na wakati huo wazee wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa wala hawakujua kwa hakika walizaliwa mwaka gani. Ukikuta umri umeruka, usidhani ni mtu mwingine. Linganisha mke, watoto na kazi.

Fomu ya 1911 ina safu ambayo ya 1901 haina. Kila mwanamke aliyeolewa aliulizwa ameishi katika ndoa miaka mingapi, amezaa watoto wangapi hai, na wangapi bado wako hai. Wajane hawakutakiwa kujibu, lakini wengi walijibu na karani akakata majibu yao kwa kalamu. Namba chini ya mkato husomeka bado. Utakutana na mama aliyeandikiwa watoto tisa waliozaliwa na wanne walio hai. Usipite tu. Watano wale wana majina, na majina hayo yanapatikana, kama nitakavyoeleza.

Kilichoungua na kilichookoka

Swali linalokuja baada ya hapo ni la sensa za kabla ya 1901. Ayalandi ilihesabiwa kila miaka kumi tangu 1821, lakini fomu karibu zote zimepotea. Za 1861 na 1871 ziliharibiwa na serikali yenyewe muda mfupi baada ya kuhesabu. Za 1881 na 1891 zilisagwa ziwe karatasi upya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Za 1821 hadi 1851 zilikuwa katika Ofisi ya Kumbukumbu za Umma ndani ya eneo la mahakama za Four Courts, Dublin. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwishoni mwa Juni 1922, eneo hilo lilipigwa mizinga, na tarehe 30 Juni mlipuko na moto viliteketeza karne kadhaa za karatasi. Tangu 2022 upo mradi uitwao Virtual Record Treasury of Ireland unaokusanya nakala na vipande kutoka kwingineko duniani ili kuijenga upya hifadhi hiyo kwenye intaneti, nao pia ni bure.

Mtafiti wa Dublin ana bahati ambayo wa miji mingine hana. Kabla ya moto, D. A. Chart alinakili kutoka sensa ya 1851 orodha ya wakuu wa kaya wa jiji la Dublin, majina wapatao 60,000 pamoja na anwani zao, na orodha hiyo ipo hadi leo. Pia waombaji wa pensheni waliomba serikali itafute majina yao katika sensa za 1841 na 1851 ili kuthibitisha umri, na fomu za maombi hayo, nyingine zikiwa na majibu yake, zimehifadhiwa.

Kwa miaka mingine yote kabla ya 1901 utategemea daftari za mali. Kubwa kuliko zote ni uthaminishaji uliosimamiwa na Richard Griffith na kuchapishwa kati ya 1847 na 1864, kisiwa kizima. Kila nyumba ina jina la mkaaji, jina la aliyempangisha, maelezo ya jengo na thamani yake kwa mwaka, pamoja na namba inayoirejesha kwenye ramani. Unasomeka bure kwenye tovuti ya Ask About Ireland. Ila kumbuka lile la mwenye nyumba na mpangaji: jengo lililopangishwa vyumba kwa wiki mara nyingi halitaji hata mmoja wa waliolala humo.

Griffith si mwisho wa habari, ingawa watu wengi huishia hapo. Wathamini waliendelea kupita, na kila mabadiliko yaliandikwa katika vitabu vya marekebisho: jina la zamani linakatwa, jipya linaandikwa juu yake kwa wino wa rangi nyingine, na mwaka unaandikwa pembeni kwa rangi ile ile. Ukifuata rangi, unafuata miaka. Kwa nyumba moja unaweza kuona mwenyewe mmoja akimpisha mwingine hadi karne ya 20. Vitabu vya Jamhuri ya Ayalandi viko chini ya taasisi ya Tailte Éireann jijini Dublin. Vya Ayalandi ya Kaskazini viko katika hifadhi ya PRONI mjini Belfast, ambayo imeviweka kwenye intaneti.

Pamoja na hivyo viko vitabu vya anwani. Vya Wilson vilianza katikati ya karne ya 18 na vinataja hasa wafanyabiashara. Vya Thom vilianza 1844 na vilitoka kila mwaka, vikipita mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, na vinaonyesha hata mitaa inayokutana na mtaa wako. Maktaba na Hifadhi ya Jiji la Dublin, Mtaa wa Pearse, inavyo. Soma miaka mingi mfululizo. Utaona mwanasheria, mwanasheria, mwanasheria, kisha mwaka mmoja jina linatoweka na mahali pake panasimama neno moja tu la Kiingereza, tenements. Maana yake nyumba imekuwa ya vyumba, na kuanzia hapo Thom hataji tena walioishi humo, hata wakiwa mia. Uandike mwaka huo kwa herufi kubwa, kwa sababu ndio mwaka wa kufunga daftari za mwenye nyumba na kufungua za mpangaji.

Kwa karne ya 18 iko Rejesta ya Hati, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1707 na kuanza kazi 1708. Inahifadhi muhtasari wa mauzo, mikataba ya upangaji wa muda mrefu, rehani na mikataba ya ndoa. Faharasa zake ni mbili, moja ya majina ya waliotoa mali na nyingine ya mahali, na wewe unayetafuta mtaa unaitaka ya mahali. Muhtasari mmoja unaweza kutaja majirani wa kulia na kushoto, mashahidi, kazi zao na makazi yao. Rejesta hiyo, tangu miaka ya 1830, makao yake yako kwenye Mtaa wa Henrietta wenyewe. Wapangaji wa namba 14 waliishi hatua chache kutoka kwenye jengo lililojaa hati za nyumba yao, na majina yao hayamo.

Kumfuata mpangaji

Sasa chukua majina uliyopata katika B1 na Fomu A, uende nayo kwenye usajili. Ndoa zisizo za Kikatoliki zilianza kusajiliwa 1845. Vizazi, vifo na ndoa za watu wote zilianza 1 Januari 1864. Tovuti ya serikali ya IrishGenealogy inaonyesha picha za rejesta bila malipo, kwa vizazi vilivyopita miaka 100, ndoa zilizopita miaka 75 na vifo vilivyopita miaka 50. Hapa hutafuti kwa mtaa, unatafuta kwa jina, na ndiyo sababu sensa ilitangulia.

Tafuta cheti cha kila mtoto wa kaya moja, wala usichague mmoja. Familia za vyumba zilihama mara kwa mara, pengine nyumba ya tatu kutoka pale, pengine mtaa wa nyuma, kodi ilipopanda au mtoto alipoongezeka. Watoto sita huweza kukupa anwani nne, na ghafla una njia nzima ya familia ile ndani ya jiji. Safu za kusoma ni mbili. Mahali pa kuzaliwa panaweza kuwa hospitali ya Rotunda, iliyo karibu na Henrietta, na haikuambii lolote kuhusu makazi. Anwani ya nyumbani iko kwenye safu ya baba. Vivyo hivyo katika vifo: aliyefia katika nyumba ya maskini ya North Dublin Union anaandikwa kule alikofia. Kwa huyo nenda kwenye kumbukumbu za makaburi ya Glasnevin, yaliyofunguliwa 1832, ambako hutajwa makazi ya mwisho ya marehemu. Huko kuna malipo. Na katika rejesta hizi za vifo ndipo utakapowapata wale watoto watano wa safu ya 1911.

Kwa miaka kabla ya 1864 ziko rejesta za parokia. Maktaba ya Taifa imeweka picha za rejesta za Kikatoliki, hadi takriban 1880, bure kwenye intaneti tangu 2015. Nyingi zimeandikwa kwa Kilatini, kwa hiyo James atakuwa Jacobus na Mary atakuwa Maria. Katika parokia za Dublin padri mara nyingi aliandika na anwani ya wazazi, jambo ambalo za vijijini hazina. Safu ya dini kwenye sensa ndiyo inayokuambia uende kanisa gani.

Kwa miaka baada ya 1911 njia ni fupi zaidi. Jiji la Dublin limeweka kwenye intaneti daftari zake za wapigakura za 1908 hadi 1915, ambamo hata mwenye chumba kimoja aliyetimiza masharti anaweza kuwamo. Sensa ya 1921 haikufanyika kwa sababu ya vita vya uhuru. Iliyofuata ni ya 18 Aprili 1926, ambayo kisheria hufunguliwa baada ya miaka 100, yaani 18 Aprili 2026, na fomu zake zinauliza hata jina la mwajiri. Ayalandi ya Kaskazini ilihesabu siku ile ile, lakini fomu zake hazikubaki.

Kabla hujatamka kwamba mtaa haumo kwenye kitabu, hakikisha unaitwa kwa jina lake la wakati ule. Mtaa mkuu wa Dublin ulikuwa Sackville hadi 1924, ulipoitwa O'Connell. Mtaa wa Pearse ulikuwa Great Brunswick. Patrick Pearse, ambaye jina lake limepewa mtaa huo, alizaliwa hapo hapo, namba 27, mwaka 1879. Namba nazo hupangwa upya. Weka ramani mbili kando, ya John Rocque ya 1756 na ile ya Ordnance Survey ya 1847 inayoonyesha kila nyumba na uwanja wake, uhesabu milango kutoka kwenye kona isiyobadilika.

Andika unachopata katika jedwali moja: namba za nyumba juu, miaka upande wa kushoto, na katika kila kisanduku jina pamoja na daftari ulilolitoa. Visanduku vitupu ni vya maana kama vilivyojaa, kwa kuwa vinakuonyesha pa kutafuta kesho. Na ukikuta jambo zito, mtoto wa nje ya ndoa, kifungo, kifo katika nyumba ya maskini, na wajukuu bado wapo hai, zungumza nao kwanza kabla ya kulitangaza. Ni watu wao.

Gharama ya kuanza ni saa moja ya intaneti. Fungua sensa ya 1911, chagua nyumba moja, soma B1 yake hadi mstari wa mwisho, kisha fungua kila Fomu A na unakili majina yote, ya watoto wachanga pia.